Penye Wazee Haliharibiki Neno?

Katika Uingereza kumezuka mabishano makubwa juu ya jambo ambalo wenyewe walidhani lilikwisha kuamuliwa na babu zao: nani anapaswa kumhukumu mtu aliyeshtakiwa? Kwa desturi yao, mtu mwenye kushtakiwa kosa kubwa huwekwa mbele ya juri. Juri ndiyo watu kumi na wawili wa kawaida, fundi, mwuguzi, mwuza duka, waliochaguliwa kwa kura kutoka katika daftari la wapiga kura. Hawakusoma sheria. Hukaa, husikiliza mashahidi, kisha huenda chumbani peke yao na kurudi na neno moja: ana hatia, au hana. Jaji huongoza tu, na mtu akionekana ana hatia, jaji ndiye apimaye adhabu.

Basi mwezi wa Desemba 2025 Waziri wa Sheria wa nchi hiyo, David Lammy, alitangaza mpango wa kupunguza kazi ya juri. Kesi ambazo adhabu yake yakadiriwa kuwa kifungo cha miaka mitatu au chini yake ziamuliwe na jaji peke yake. Sababu yake ilikuwa wazi: kesi karibu 80,000 zilikuwa zikingoja katika mahakama kuu za jinai, na wenye kudhulumiwa walikuwa wakikaa miaka bila kusikilizwa. Wapinzani wakajibu kwa sauti kubwa kwamba mwananchi akitolewa mahakamani, serikali itabaki ikishtaki yenyewe na kuhukumu yenyewe. Tena wako huko wasemao kwamba hata ile sheria ya haki za binadamu ya mwaka 1998 ifutwe, kwa kuwa, wasema, yawalinda waovu kuliko wema.

Msomaji wa Mokambo aweza kuuliza: hayo yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Hapa petu ukivuka kizuizi cha mpaka kwenda Mufulira umeacha sheria moja na kuingia nyingine. Zambia ilifuta adhabu ya kifo mwezi wa Desemba 2022. Kongo, mwezi wa Machi 2024, iliondoa amri iliyokuwa imesimamisha utekelezaji wa adhabu hiyo tangu mwaka 2003. Dereva wa lori, mama mchuuzi wa unga, Mzambia apitaye njia ya Mokambo hadi Chembe ili kufika Luapula kwa njia fupi, wote hao katika safari ya siku moja hubadilishiwa mahakama na hubadilishiwa hata thamani ya kosa. Mtu wa mpakani, kuliko wengine, yampasa kujua kwa nini hakimu ana ruhusa ya kumhukumu.

Nimesikia maneno ya namna mbili juu ya jambo hili, na nataka kuyapima yote mawili. Wa kwanza husema: Waacheni watu wenyewe wahukumu, maana wengi wape, na penye wazee haliharibiki neno. Wa pili husema: Hukumu ni kazi ya wenye elimu, mtu asiyesoma sheria akae nje. Maneno yote mawili yana ukweli ndani yake, na yote mawili yaweza kumwua mtu asiye na kosa. Tuangalie yaliyotendeka, katika nchi zetu na kwa jirani zetu.

JURI YA RANGI MOJA

Waingereza walipotawala Kenya walileta juri, lakini hawakuileta kwa wote. Mzungu aliyeshtakiwa alihukumiwa na juri ya Wazungu wenzake. Mwafrika hakupewa juri. Alihukumiwa na jaji Mzungu aliyeketi na wazee washauri. Wazee hao walitoa maoni yao, na jaji aliweza kuyafuata au kuyaacha. Hivyo kitu kile kile kilichosifiwa huko London kuwa ngao ya mtu mdogo kilikuwa Nairobi alama ya ubwana.

Mtu atasema: Basi juri hiyo ilikuwa mchezo tu. La, mambo hayakuwa mepesi hivyo. Mwaka 1959 Mzungu mmoja, Peter Poole, alimpiga risasi na kumwua mtumishi Mwafrika, Kamawe Musunge. Alihukumiwa na juri ya Wazungu watupu, na wengi walidhani kwamba wenzake watamwokoa. Hawakumwokoa. Walisema ana hatia, naye akanyongwa mwezi wa Agosti 1960. Mimi sisifu kitanzi, wala Kanisa halikisifu. Tangu mwaka 2018 Katekisimu yetu yafundisha wazi kwamba adhabu ya kifo haikubaliki. Nasema tu kwamba watu wale kumi na wawili, waliolelewa katika ubaguzi, walipoketishwa chini ya kiapo na kusikiliza ushahidi hadi mwisho, waliweza kushinda upendeleo wao. Lakini tusisahau: sheria iliyowachagua kwa rangi ilikuwa ya dhuluma, na hukumu moja njema haiitakasi sheria mbaya. Kosa halikuwa kwamba wananchi walihukumu. Kosa lilikuwa kwamba wananchi wengine walihesabiwa kuwa watu, na wengine washauri tu.

NDIYO NA SIYO PASIPO SABABU

Wabelgiji nao wana juri kwao. Katiba yao ya mwaka 1831 iliiweka kwa makosa makubwa, na kwa makosa ya siasa na ya magazeti. Lakini katika Kongo hawakuileta. Walisema juri ni ngome ya uhuru, kisha ngome hiyo wakaiacha Antwerpen, Matadi haikufika. Baada ya uhuru sisi wenyewe hatukuitafuta. Kwa hiyo sheria zetu za jinai zafanana na zao kwa mengi, lakini mlango ule ambao mwananchi wa Liège huingia kwao ili kuhukumu, kwetu haukujengwa.

Je, tumekosa nini? Tazameni kesi ya Richard Taxquet. Mtu huyu alihukumiwa huko Liège mwaka 2004 kwa kushiriki katika mauaji ya André Cools, waziri wa zamani aliyeuawa mwaka 1991. Juri iliulizwa maswali 32, nayo ikajibu ndiyo au siyo. Katika maswali hayo, manne tu yalimhusu Taxquet. Akapewa miaka 20. Hakuambiwa ni ushahidi gani uliowashawishi, wala ni shahidi gani aliyeaminiwa. Alipeleka malalamiko yake katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu huko Strasbourg, nayo ikakata neno tarehe 16 Novemba 2010: haki yake ilivunjwa.

Tusome vizuri hukumu ile, maana wengi wameitaja vibaya. Mahakama haikusema kwamba juri ni mbaya, wala haikusema kwamba kila juri lazima iandike sababu. Ilisema kwamba mshtakiwa lazima aweze kuelewa kwa nini amehukumiwa. Ubelgiji haukungoja neno hilo la mwisho. Kwa kuwa ulikwisha kushindwa mara ya kwanza mwaka 2009, ulibadili sheria yake mwaka huo huo ili sababu kubwa za uamuzi ziandikwe. Halafu mwaka 2016 serikali ikaenda mbali zaidi ikataka karibu kesi zote zitolewe kwa juri na kupewa mahakimu wa kazi, na hapo Mahakama ya Katiba yao ikaifuta sheria hiyo mwezi wa Desemba 2017. Huo ndio mwendo wa matengenezo mema: kurekebisha kasoro bila kuvunja nyumba.

Na wale wasemao kwamba mtu wa kawaida hawezi kesi ngumu, wakumbuke Brussels mwaka 2001. Wanyarwanda wanne walishtakiwa huko kwa matendo ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 katika nchi ya Butare; wawili kati yao walikuwa watawa Wabenedikti. Watu kumi na wawili wa Ubelgiji, ambao wengi hawakupata kuona kilima cha Rwanda, walisikiliza mashahidi karibu miezi miwili. Wakawakuta wote wanne na hatia. Kwa Wakatoliki yalikuwa mambo ya uchungu. Lakini vazi la kitawa halikufanywa kinga, wala halikufanywa kosa. Kila mshtakiwa aliulizwa maswali yake mwenyewe, akapewa adhabu yake mwenyewe, kuanzia miaka 12 hadi 20.

WAZEE WA BARAZA

Tuingie Tanzania. Huko kwa miaka mingi kesi za mauaji ziliamuliwa na jaji wa Mahakama Kuu pamoja na wazee wa baraza, wawili au zaidi. Walisikiliza yote, na mwisho kila mmoja alitoa maoni yake. Jaji hakufungwa na maoni hayo. Jambo hili likaonekana zuri: Mwafrika anapenda kesi iamuliwe na wazee, na mzee wa kijiji anajua desturi ambazo jaji wa mjini hazijui.

Lakini kitu chema kikiachwa bila nguvu na bila mafunzo hugeuka kuwa mzigo. Mara nyingi Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilifuta kesi nzima kwa sababu jaji hakuwaeleza wazee vizuri mambo ya sheria, au kwa sababu mzee aliruhusiwa kumhoji shahidi kana kwamba ni wakili. Hapo kesi hurudi mwanzo. Shahidi aliyesema mara moja huitwa tena, kama hajafa. Mfungwa hukaa tena rumande. Kenya iliwaondoa wazee washauri mwaka 2007. Tanzania, mwaka 2022, ilibadili sheria ili jaji aweze kuendesha kesi bila wao.

Wengine wamelilia jambo hili wakisema tumetupa mila ya Kiafrika. Mimi nawauliza: mila gani? Baraza la mababu lilikuwa na nguvu ya kuamua. Mzee aliyeketi kimya miezi mitatu, kisha akatoa maoni ambayo jaji aliweza kuyatupa kapuni, alibaki pambo la mahakama tu. Alirithiwa kutoka kwa serikali ya kikoloni, iliyotaka kusikia sauti ya mwenyeji bila kuitii. Kama twataka wananchi wahukumu, tuwape hukumu na tuwafundishe. Kama hatutaki, tuseme hivyo waziwazi. Njia ya katikati, ambayo mtu huitwa ili aonekane tu, hailindi mshtakiwa wala haimheshimu mzee.

NYASI ZA RWANDA

Nchi moja katika sehemu zetu ilithubutu kuwapa wananchi hukumu yenyewe. Ni Rwanda. Baada ya mauaji ya 1994 magereza yalijaa watu zaidi ya laki moja, na mahakimu wengi walikuwa wamekufa au wamekimbia. Kwa mahakama za kawaida kazi ingechukua vizazi. Basi wakafufua gacaca, baraza la kukaa majanini, ambalo zamani lilipatanisha majirani. Watu wa kilima waliwachagua wenzao waaminifu, wakawaita inyangamugayo, nao wakahukumu. Mabaraza yalipofungwa mwezi wa Juni 2012, kesi karibu milioni mbili zilikuwa zimekatwa.

Sijui mahali pengine duniani ambapo raia wa kawaida walibeba mzigo mzito namna hiyo. Wajane wengi walijua hapo kwa mara ya kwanza mifupa ya wapenzi wao imelala wapi. Hilo ni jambo kubwa, na mwenye kulidharau hajui maana ya kuzika. Lakini mshtakiwa hakuwa na wakili. Jirani aliweza kumshtaki jirani kwa sababu ya shamba. Hakimu aliweza kuwa ndugu wa aliyeuawa, au rafiki wa mwuaji. Hata makosa mazito, yenye kifungo kirefu, yalipelekwa huko baadaye. Watetezi wa haki za binadamu waliyasema hayo wakati ule ule, na wengine wakawajibu kwamba hayo ni mawazo ya Ulaya. Jibu hilo halitoshi. Mtu asingiziwapo na kufungwa miaka kumi na mitano bila mtu wa kumsemea, uchungu wake si wa Ulaya. Ni wake na wa watoto wake.

KWETU KATANGA

Sasa tuje nyumbani. Katika Kongo mtu asiye hakimu hukalia kiti cha hukumu mahali pachache. Katika mahakama ya amani, kesi ikihusu mila, wajuzi wa mila huketi pamoja na hakimu. Hilo ni jema. Katika mahakama za biashara wapo wafanyabiashara wanaohukumu pamoja na mahakimu. Na mahali pa tatu ni mahakama ya kijeshi. Huko maofisa wasiosomea sheria huketi na mahakimu wa kazi na kuamua hatia ya mtu, hata kama adhabu ni kifo. Kwa namna fulani hiyo ndiyo juri ya Kongo. Raia hayumo ndani yake. Wamo wanajeshi peke yao, wenye wakubwa wa kuwaamuru.

Watu wa Katanga wanajua tunda lake. Mwezi wa Oktoba 2004 kikundi kidogo cha waasi kiliingia Kilwa, bandari ya ziwa Mweru. Jeshi likaja likautwaa mji, na raia wengi wakauawa. Umoja wa Mataifa ulihesabu zaidi ya 70. Magari na ndege za kampuni ya Anvil Mining, iliyochimba shaba na fedha huko Dikulushi, zilitumiwa na jeshi. Kampuni ilisema zilichukuliwa kwa amri ya serikali. Kesi ilianza Lubumbashi mwezi wa Desemba 2006 mbele ya mahakama ya kijeshi, dhidi ya wanajeshi tisa na wafanyakazi watatu wa kampuni. Tarehe 28 Juni 2007 wote waliachiwa kwa mambo ya Kilwa. Mahakama ilisema vifo vilitokana na mapigano.

Nataka kuwa mwangalifu hapa. Kuachiwa kwa mshtakiwa si kosa. Mahakama isiyoachilia mtu hata mmoja si mahakama, ni mlango wa gereza. Lakini hukumu yapaswa kusimama juu ya njia iliyo safi, na njia ile haikuwa safi. Louise Arbour, aliyekuwa Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu wa Umoja wa Mataifa, alisema waziwazi siku zile kwamba raia hawapaswi kuhukumiwa na mahakama za kijeshi, na kwamba matokeo ya kesi yalimtia mashaka. Katiba yetu ya 18 Februari 2006 ilikuwa tayari imeandika, katika kifungu cha 156, kwamba mahakama za kijeshi ni kwa makosa ya wanajeshi na polisi. Katiba ilikuwa na mwaka mmoja na miezi minne, na raia watatu walikuwa bado kizimbani mbele ya maofisa.

Wenye kufiwa wakapeleka neno lao kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Mwaka 2017 uamuzi wake ulitangazwa: serikali ya Kongo ilivunja haki za watu wa Kilwa, na ililipe dola za Marekani milioni 2.5 kwa watu wanane na jamaa zao, tena iombe radhi na kuwatafuta wenye hatia ili wahukumiwe. Kutoka Oktoba 2004 hadi 2017 ni miaka kumi na mitatu. Mtoto aliyezaliwa siku ile ya risasi alikuwa amekwisha kumaliza shule ya msingi. Na Tume haina askari wala gereza. Hutoa neno, kisha hungoja serikali itii.

Je, juri ingewasaidia watu wa Kilwa? Huenda. Watu kumi na wawili wa Pweto, wa Kasenga, wa Lubumbashi, wavuvi na walimu, wasingekuwa na jenerali wa kuwaogopa. Lakini nisidanganye: mvuvi naye ana watoto, na gari lenye vioo vyeusi laweza kusimama mlangoni pake usiku. Juri bila ulinzi ni watu kumi na wawili wa kutishwa badala ya mmoja.

SUSANA

Wakatoliki tunayo hadithi ya Susana katika kitabu cha Danieli, sura ya 13. Mara nyingi twaisoma kama hadithi ya usafi wa moyo. Ni hadithi ya mahakama vilevile. Wazee wawili, waamuzi wa watu, walimsingizia mwanamke. Kusanyiko zima lilikuwapo. Lilisikiliza, likaamini, likamhukumu kufa, kwa sababu gani? Kwa sababu wasemaji walikuwa wazee na waamuzi. Penye wazee neno liliharibika, na penye wengi hakuna aliyeuliza.

Danieli alifanya nini? Hakuleta jeshi. Hakusema kwamba watu wasihukumu. Aliwarudisha mahakamani, akawatenga mashahidi wawili, akamwuliza kila mmoja peke yake: uliwaona chini ya mti gani? Mmoja akataja mti huu, mwingine mti ule. Uwongo ukafa. Kusanyiko lile lile lililohukumu vibaya likahukumu vema, watu walewale, siku ileile. Kilichobadilika ni kwamba shahidi aliulizwa.

Basi hapo ndipo yalipo makosa ya wabishani wetu. Wanabishana juu ya nani akae kitini: jaji au wananchi, msomi au mzee. Swali hilo lina uzito, lakini si la kwanza. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, uliokubaliwa Nairobi mwaka 1981, katika kifungu chake cha 7 hautaji juri hata kidogo. Wataja mambo mengine: mtu ahesabiwe hana hatia mpaka ithibitike, awe na wakili, ahukumiwe kwa muda usiopita kiasi na mahakama isiyo na upande, aweze kukata rufani. Mwingereza asemaye hakuna haki pasipo juri ametia chumvi, maana ziko nchi nyingi zisizo nayo na watu wake hulala kwa amani. Lakini waziri asemaye kwamba kuondoa juri ni kupunguza foleni tu amesahau kwamba wananchi wakitoka chumbani mwa hukumu, hawarudi kwa urahisi. Kesi hulundikana kwa sababu ya majengo mabovu, mawakili wachache na fedha kidogo. Hayo hayakuletwa na mwuguzi aliyeitwa kuketi katika juri.

TUDAI NINI?

Sisi wa Haut-Katanga tusianze kwa kudai juri. Tuanze kwa yale ambayo tayari ni yetu. Katiba, kifungu cha 18, yasema mtu akikamatwa aambiwe mara moja sababu, tena kwa lugha anayoielewa, na asizuiwe zaidi ya saa 48 bila kuachiwa au kupelekwa mbele ya mwenye mamlaka ya sheria. Kifungu cha 19 champa kila mtu haki ya kujitetea, yeye mwenyewe au kwa avoka wake. Kifungu cha 20 chasema mahakama ikae hadharani. Kifungu cha 21 chasema kila hukumu iandikwe, ipewe sababu, isomwe mbele ya watu. Taxquet alipigania hadi Strasbourg kitu ambacho katiba yetu yatuandikia kwa mstari mmoja.

Lakini mstari ulioandikwa kwa Kifaransa na kusomwa upesi mbele ya mama wa Kibemba si sababu iliyoelezwa. Hapo ndipo naona faida ya wananchi kuketi mahakamani kwetu: wangelazimisha mahakama kusema lugha ya watu. Mwenye kuhukumu pamoja na fundi na mkulima lazima aeleze kwa Kiswahili au kwa Kibemba kwa nini shahidi huyu ameaminiwa na yule hakuaminiwa. Kama siku moja bunge letu litataka kuongeza kiti cha raia katika mahakama, lianze hapo, katika mahakama ya amani, kwa watu waliochaguliwa kwa kura, wanaume kwa wanawake, waliofundishwa, waliolipwa posho ya siku, wenye kauli iliyo sawa na ya hakimu. Na kwanza kabisa raia watolewe katika mahakama za kijeshi, kama katiba inavyotaka.

Na sisi wenyewe tuna dhambi yetu ya kuacha. Mara ngapi katika miji yetu kelele ya «Mwizi!» hutosha, na kijana hupigwa au kuchomwa kabla ya kusema jina lake? Watu husema: Hii ndiyo hukumu ya wananchi, kwa kuwa mahakama zimeoza. Siyo. Katika juri mtu husikiliza siku nyingi kabla ya kusema neno moja. Katika kundi mtu husema neno kabla ya kusikia lolote. Kundi la namna hiyo ni lile kusanyiko la Susana kabla Danieli hajafika. Mwenye kurusha jiwe hapo hana haki tena ya kulalamika kwamba hakimu hutaka rushwa, maana wote wawili wamefanya jambo moja: wamehukumu bila kupima.

Jambo moja laweza kuanza bila kungoja bunge. Mahakama ni ya hadhara, na mlango wake haudai kadi ya chama wala barua ya padri. Katika kila jumuiya ya Kikristo wachaguliwe watu wawili au watatu, waende wakakae wakati kesi zinaposikilizwa, kimya, kwa adabu, wasikilize. Wasiende kumtetea ndugu yao tu. Waende hata kwa kesi ya mtu wasiyemjua, Mzambia aliyekamatwa barabarani au kijana asiye na jamaa. Hakimu mwema atafurahi kuwaona, kwa kuwa watakuwa mashahidi wa kazi yake njema. Hakimu mbaya atauliza ni nani hao. Wajibu tu kwamba ni wananchi, na kwamba kifungu cha 20 kimewaruhusu.